Baba aliyemuosha mwanawe bila chozi: kisa cha ganzi kutoka Lamu

Mama mmoja alikuja kuniona mwezi wa Januari, kaskazi imeshika, akiwa na lalamiko ambalo yeye mwenyewe hakujua alipe jina gani. Mumewe, nahodha wa mashua, hagombi, halewi, sala haimpiti, kitoweo hakikosekani. "Yumo nyumbani, mwanangu, lakini hayumo," aliniambia. Kisha akanieleza habari ya dele. Siku tatu nyuma, dele la kahawa lilikuwa juu ya jiko la makaa. Nahodha akalishika tumboni badala ya kulishika mkono wake, akamimina vikombe viwili, akalirudisha jikoni, akakaa. Aliyepiga kelele ni mkewe. Kiganja cha kulia kilikuwa kimeanza kufura malengelenge, na mwenyewe anakitazama kama mtu anayetazama samaki wa mwenzake.

Mimi ni mshauri nasaha, na Lamu ndiko kwetu. Familia imeniruhusu kukiandika kisa hiki, nami nimebadilisha umri, tarehe na mambo mengine machache ili wasijulikane. Nitamwita Nahodha, kwa kuwa ndivyo mtaa mzima unavyomwita. Nimekiandika kwa sababu naona watu kama yeye kila mwaka, na kila mwaka tunawasifu kwa kile kinachowaumiza.

Msiba wenyewe ulitokea Juni, kusi ikiwa imepamba moto. Wakati huo wavuvi wengi huvua ndani, kwenye mikono ya bahari na kandokando ya mikoko, maana nje ya mwamba maji hayana huruma. Nahodha alitoka na mwanawe wa miaka 19 na mpwa wake wa miaka 25. Wakati wa kurudi, alasiri, foromali, ule mti unaobeba tanga, ilivunjika, tanga likaanguka majini, mashua ikakaa ubavu kwa mawimbi na kupinduka. Watatu hao walishikilia mkuku, ule uti wa chini wa mashua, usiku kucha. Kulipopambazuka walikuwa wawili. Maiti ilipatikana siku ya pili. Nahodha aliingia mwenyewe kumuosha mwanawe, akamvika sanda, akashuka kaburini kumpokea na kumlaza mwanandani. Mkono haukutetemeka, chozi halikutoka. Siku ya nane alikuwa baharini tena, kwa mashua ya kuazima.

Barazani watu walisema: huyo ndiye mwenye subira, imani yake ni chuma.

Mpwa hakupata sifa hizo. Mlango ukibamizwa anaruka. Usiku anapiga mayowe. Gatini hakanyagi, na akaanza kutafuna miraa hadi alfajiri ili asipitiwe na usingizi akaota. Walimsomea, wakampa kombe, maji yaliyooshewa aya, na mtu wa duka la dawa akampa vidonge vya usingizi. Familia ilikubaliana kwamba mjomba amepona na mpwa ndiye aliyeharibika.

Mimi niliwaona kuwa wagonjwa wawili wa jeraha moja. Na kusema kweli, mpwa hakunipa hofu kama aliyonipa mjomba.

Watu wawili, ajali moja

Kipo kisa kilichochapishwa mwaka 2003 na daktari Ruth Lanius na wenzake nchini Kanada, ambacho hunijia kila ninapokutana na watu walionusurika pamoja. Mume na mke walikuwa ndani ya gari moja katika ajali kubwa ya barabarani iliyohusisha zaidi ya magari 100. Wote wawili walikwama, wote wawili waliona mambo yale yale. Baadaye walilazwa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo na kukumbushwa ajali ile. Mume aliiona upya kana kwamba inatokea, na moyo wake ukaongeza mapigo 13 kwa dakika. Mke alisema amekufa ganzi, ameganda. Mapigo ya moyo wake hayakubadilika.

Nilifanya jambo hilo kwa njia ya kimaskini, bila mashine, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na saa ya ukutani. Mpwa alipofika kwenye neno "foromali" tu, mapigo yalikimbia hata nikashindwa kuyahesabu vizuri, na jasho likamtoka juu ya mdomo. Nahodha alinisimulia habari hiyo hiyo kwa sauti ya mtu anayesoma bei za samaki. Mapigo yake yalikwenda mwendo mmoja mwanzo hadi mwisho.

Ndani ya ubongo, kila upande, kuna kinundu chenye umbo la lozi kiitwacho amigdala. Ndicho kinachopiga mbiu ya hatari, mara nyingi kabla mwenye kichwa hajajua kilichomshtua. Mbele, nyuma ya paji la uso, hasa sehemu yake ya katikati, kuna eneo linaloshika hatamu: linaipima ile mbiu na kuituliza panapostahili. Kwa mpwa, hatamu imelegea. Mbiu inalia kwa mlango, kwa ndoo, kwa upepo wa paani. Kwa Nahodha, hatamu imevutwa mno. Hakuna mbiu inayosikika hata moja, pamoja na ile ya makaa yanapounguza nyama. Kikundi hicho cha Lanius kilionyesha kwamba takriban asilimia 70 ya wagonjwa wa kiwewe, yaani jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio la kutisha, waliowachunguza walijibu kama yule mume, na 30 kama yule mke. Jambo hilo lilipata uzito hadi mwaka 2013 Wamarekani walipotoa toleo la tano la mwongozo wao wa magonjwa ya akili, wakaitambua ganzi hii na hali ya kujiona uko nje ya mwili wako kuwa sura yake yenyewe ya kiwewe.

Hatamu haiko peke yake, ipo na dawa. Mwili ukibanwa mahali ambapo huwezi kukimbia wala kupigana, ubongo hutoa kemikali za jamii moja na afyuni. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani waliwaonyesha mashujaa wa zamani wa vita vya Vietnam filamu ya vita ya dakika 15, kisha wakapima maumivu yao kwa joto. Wale wenye kiwewe waliripoti maumivu pungufu kwa asilimia 30. Walipodungwa naloksoni, dawa inayozuia nguvu ya afyuni, upungufu huo ukatoweka. Kwa maneno mengine, picha tu za jambo la zamani zilitosha kuufanya mwili ujipake ganzi.

Na hili si jipya kwetu Afrika. Livingstone, yule mmisionari ambaye alipofariki alibebwa na kina Chuma na Susi hadi pwani, aliraruliwa na simba huko kusini mwaka 1844. Aliandika kwamba simba alipomtikisa aliingiwa na hali kama ya ndoto, hakuhisi maumivu wala hofu, ingawa alijua kila kinachotendeka. Mfupa wa mkono uliovunjika siku ile ndio uliotumika kuutambua mwili wake ulipofika London. Mfupa ulikuwa umevunjika, na mwenyewe hana hofu. Huwasimulia wagonjwa wangu kisa hiki kwa sababu kinawaondolea aibu kwa haraka kuliko maelezo yangu yote.

Nahodha aliposikia habari hii alinyamaza kidogo, kisha akasema neno ambalo tangu siku hiyo nalitumia mimi: "Ni kutua tanga." Upepo ukizidi nguvu, nahodha mwenye akili hashindani nao, hutua tanga, mashua ikae chini ya dhoruba. Akaongeza, bila mimi kumuuliza, "Sasa mwanangu, upepo umekwisha na mimi silioni tanga liko wapi."

Usiku ule juu ya mkuku, ganzi ilimwokoa. Asingeweza kulia na kushikilia kwa wakati mmoja. Tatizo ni kwamba haichagui. Ikizima kilio huzima na kicheko, ladha ya samaki wa kupaka, joto la mjukuu anayepanda mapajani. Huzima hata habari za mwili wenyewe, kwa sababu ile sehemu iliyojikunja ndani ya ubavu wa ubongo, insula, inayosoma njaa, pumzi na maungulio, nayo inanyamazishwa. Mkewe alisema mumewe amesahau njaa: asipoitwa hali.

Na hapa niseme jambo linaloniuma. Pwani hii, Lamu na Malindi, tumezika vijana wengi kwa sababu ya unga. Heroini ni ile ile afyuni, ila hii inatoka nje ya mwili. Sisemi kila teja ana msiba nyuma yake. Lakini nimekaa na wengi mno walioanza mwaka ule ule walipozika mtu au walipofanyiwa jambo lisilosemeka, na hakuna aliyewahi kuwauliza. Ndiyo maana nilimchunga mpwa wa Nahodha kwa jicho la karibu. Miraa ilikuwa mlango tu.

Kosa langu

Mkutano wa pili na Nahodha tulikaa dakani kwao, pale kwenye kibaraza cha mlangoni, mlango wazi, mkewe ndani akisikia. Nilikuwa na haraka. Nilidhani kwa kuwa anasimulia bila shida, basi nimwachie asimulie yote, saa kwa saa, mpaka alfajiri. Alianza. Alipofika kwenye giza la kwanza, sauti ikazidi kushuka, macho yakatua kwenye nakshi za mlango na kubaki hapo. Nikamuuliza jambo, akajibu "naam." Nikamuuliza lingine, "naam." Alikaa hivyo karibu robo saa. Usiku ule alitoka kitandani bila viatu, wakamkuta ufukoni, maji yamemfika magotini, hajui amefikaje.

Watu wa mtaa walisema ni pepo wa baharini, na sikuwa na la kuwajibu lenye heshima isipokuwa kwamba mtu aliyemsukuma huko ni mimi. Anayesimulia huku hayupo hafaidiki na kusimulia. Kwa mtu kama mpwa, kulirudia tukio kwa mpangilio, kipande kwa kipande, huku akikaa na hofu hadi ishuke, ni tiba yenye ushahidi mzuri. Kwa mtu wa ganzi nzito, ukilirudia kabla hajajifunza kubaki, ubongo wake huona hatari ile ile na kufanya kile kile ulichokwisha jifunza: hutua tanga zaidi.

Basi tulianza upya, na tukaanza na mwili. Nilimwomba avue viatu na kuweka nyayo kwenye sakafu. Aniambie: baridi au joto? Laini au inakwaruza? Mwanzo alikuwa anakisia. Tulikata limau akalinusa. Tulichota maji ya mtungi kwa kata akamwagia kifundo cha mkono. Akianza kwenda mbali, mkewe, ambaye nilimfundisha, hakumtikisa wala hakumkemea. Alimwita kwa jina, akamwambia leo ni siku gani na yuko wapi. "Uko dakani kwako. Ni Jumanne. Mimi niko hapa." Kazi hii haina mvuto wowote kuitazama, na ndiyo iliyotuchukua wiki saba. Mengine yote yalifuata haraka kuliko nilivyotarajia.

Wakati huo huo nilimpeleka mpwa kwa afisa wa kliniki ili aachishwe vile vidonge kwa utaratibu. Vilikuwa vya kundi la benzodiazepini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unasema zisitumike kwa dalili za mshtuko katika mwezi wa kwanza baada ya msiba, naye alikuwa amepewa wiki ya pili tu. Yeye tulimpeleka gatini kwa hatua: kwanza mpaka kwenye kona inayoonekana maji, kesho yake mpaka kwenye ngazi, siku nyingine akakaa ndani ya boti iliyofungwa kamba. Analala sasa. Miraa ameipunguza, hajaiacha.

Kiganja

Kuna jambo nilichelewa kuliona. Kidonda cha dele kilipopona, Nahodha bado hakuwa na hisia sawasawa kwenye kiganja cha kulia. Muuguzi alimpima kwa pamba na kwa ncha ya sindano. Vidole vilifanya kazi, nguvu ipo, daktari hakuona hitilafu ya mishipa. Kushoto anahisi, kulia "kama nimevaa kitambaa."

Wiki ya nane alikuwa anashona wavu tunapozungumza, sindano ikiwa mkono wa kulia. Nikamuuliza tu, bila kupanga, mkono huo usiku ule ulikuwa umeshika nini.

Sindano ikasimama.

"Ulikuwa umemshika yeye," akasema. Baadaye kidogo: "Hapa," akajishika kifundo cha mkono wa kushoto kuonyesha alivyokuwa amemshika mwanawe. Kisha: "Sikumwachia. Mkono ulikufa ganzi kwa baridi. Nilipotazama, nilikuwa nimeshika maji."

Nilitazama nyayo zake. Zilikuwa bado zimekanyaga sakafu, vidole vimejibana. Pumzi ilikuwa inapanda na kushuka, kitu ambacho miezi miwili nyuma nisingekiona. Tukaishia hapo siku ile, ingawa kila mshipa wangu ulitaka kuendelea. Nilimwambia jambo moja tu, nalo ni la kimwili: katika maji ya usiku, damu hukimbilia kifuani na tumboni kuulinda moyo, mikono huachwa, na misuli ya vidole hukoma kutii hata mwenyewe akitaka. Hakuna baba mwenye nguvu za kuishinda hali hiyo. Aliniuliza nirudie. Nikarudia mara tatu.

Siku chache baadaye imamu wa msikiti wao alimpitia. Sikumtuma, ila mkewe alikuwa amezungumza naye. Alimkumbusha kwamba Mtume, swalla llahu alayhi wasallam, alimlilia mwanawe Ibrahim, na alipoulizwa akasema macho hutoka machozi na moyo huhuzunika, na ulimi hausemi ila linalomridhisha Mola. Nahodha aliijua hadithi hiyo tangu chuo cha Kurani. Aliniambia kwamba kwa miezi kumi hakudhani inamhusu, kwa sababu yeye hakujizuia kulia. Alitafuta hicho kilio akakikosa. Watu walipomsifu kwa subira aliona aibu, maana alijua subira ni kubeba uzito, na yeye hakuwa anahisi uzito wowote.

Sisi majirani hatukuiona tofauti hiyo. Mwenye subira ukimgusa anaumia. Nahodha alikuwa haumii, na hilo ndilo lililopaswa kutushtua siku ile ile ya maziko.

Hisia ilimrudia kwa pua. Mashua yao ilikuwa imevutwa ufukoni Matondoni, kijiji cha mafundi wa mashua, kufanyiwa kalafati, na Nahodha alikuwa akienda kutazama mafundi wakishindilia pamba kati ya mbao. Yule mwanawe ndiye aliyekuwa akiipaka sifa, yaani mafuta ya papa, kila mwaka, na nyumbani walikuwa wakimfukuza asiingie na nguo zile, maana mafuta hayo hayana harufu ya kuvumilika. Nahodha alikuwa amekwenda pale mara nne bila kunusa kitu. Mara ya tano fundi alifungua kopo, na ile harufu ikampanda moja kwa moja. Akakaa chini mchangani. Mafundi walidhani amezidiwa na jua. Alilia, aliniambia, kama mtoto anayetapika, tumbo zima, mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Mafundi walimwekea turubai la kivuli, wakaendelea na kazi yao pembeni bila kumsemesha. Sijui kama mtu aliyesomea kazi hii angefanya vizuri zaidi yao.

Baada ya siku hiyo mambo hayakuwa mepesi, na hili familia niliwaambia mapema wasije wakadhani amerudi nyuma. Ganzi ikitoka, yaliyokuwa chini yake huja yote pamoja. Alikasirika kwa wiki mbili. Alimgombeza mpwa kwa ajili ya foromali, kisha akaja kumwomba radhi. Usingizi ukakatika. Kwa mara ya kwanza aliogopa bahari: wimbi dogo la mkondo wa Mokowe, kati ya kisiwa na bara, akiwa ndani ya boti ya abiria, lilimfanya ashike ubao kwa mikono yote miwili. Aliniletea habari hiyo kama malalamiko. Mkewe, aliyekuwa nyuma yake, alikuwa anatabasamu huku anafuta macho kwa ncha ya leso.

Sasa ni mwezi wa tano tangu tuanze. Anakula bila kuitwa. Kiganja kimerudi nusu. Baridi anaihisi, joto bado linachelewa, na mkewe amelifunga kitambaa chekundu dele pale kwenye mkono wake. Kwenda mbali kumepungua mpaka mara moja kwa wiki au chini yake, na hurudi mwenyewe akikanyaga sakafu. Kusimulia usiku ule kwa mpangilio tumeanza sasa, kipande kimoja kila mkutano, na tumefika saa ya Isha. Jina la mwanawe hajalitamka mbele yangu. Husema "yule."

Mkutano ujao ameomba tusikae dakani. Anataka tukutane Matondoni, kabla mashua haijashushwa majini. Mpwa atakuwapo. Ameniagiza nije na kofia, kule hakuna mti.